Ufunguo wa bweni uko kwa nani?

Siku ya kufungua shule muhula uliopita nilisimama kwenye foleni langoni kwa muda wa karibu saa mbili, sanduku la mwanangu likiwa miguuni, nikitazama walimu wakipekua. Walipekua kwelikweli. Mkate ulikatwa katikati. Sabuni ya mche ilivunjwa vipande vitatu. Dawa ya meno ilibinywa kuanzia chini hadi kwenye kifuniko, godoro likakandwa kwa viganja kama unga wa chapati. Mvulana mmoja mbele yetu alikutwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe, ndani ya kamusi, kurasa zimechongwa kwa wembe hadi likapatikana shimo la ukubwa wa simu. Shangazi yake, aliyemleta, aliinamisha kichwa. Mwingine alikutwa na kitu nilichodhani ni kalamu ya rangi. Mwalimu alikinusa, kisha akanipa nami ninuse. Kilinukia embe. Ilikuwa sigara ya kielektroniki, vepu, kama wanavyoiita wenyewe.

Upekuzi huo haukunikasirisha. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani ninatetea watoto walale na simu. Mtoto wa miaka 16 mwenye simu chini ya blanketi halali, na asiyelala hasomi. UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka 2023, ilieleza kwamba mwanafunzi akishavutwa na simu darasani huweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha akili yake kwenye somo. Mwalimu yeyote wa hisabati angekwambia hivyo hivyo. Kilichoniondolea usingizi mimi ni kile nilichokiona baada ya sanduku kufungwa.

Nilimsindikiza mwanangu hadi bwenini. Mlango ulikuwa mmoja tu unaotumika, na komeo lake lilikuwa nje, na kwenye komeo lilining'inia kufuli kubwa la shaba. Mlango wa pili, upande wa nyuma, ulikuwa umezibwa kwa kitanda. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Nilipotaka kufika kwenye kitanda cha mwanangu ilinibidi nitembee kiubavuubavu, maana vitanda vya ghorofa vilikuwa vimesogezwa hadi vinakaribia kugusana. Nilimuuliza patroni, kijana mpole aliyekuwa amechoka tangu asubuhi, "Mwalimu, usiku ufunguo hukaa kwa nani?"

"Kwa mlinzi, mzazi. Tunafunga saa nne na nusu. Tusipofunga wanatoroka."

"Na mlinzi hulala wapi?"

Akanyoosha kidole kuelekea langoni. Sikuona lango. Lilikuwa nyuma ya jengo la maktaba na uwanja mzima wa mpira.

Wasomaji wa rika langu wanajua kwa nini niliuliza. Machi 1998, Shule ya Wasichana ya Bombolulu huko Pwani, wasichana 26 waliteketea bwenini, mlango umefungwa na madirisha yana nondo. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Petroli ilimwagwa usiku, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na kwenye madirisha kulikuwa na nondo zile zile. Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu katika shule nyingine ya bweni. Mwalimu mkuu alitutangazia asubuhi kwenye gwaride, akashindwa kumaliza. Usiku ule watu zaidi ya ishirini tulibeba magodoro yetu tukalala sakafuni karibu na mlango, na hakuna kiranja aliyetufukuza. Wiki iliyofuata mlango ulifungwa kwa nje kama kawaida. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote.

Septemba 2017 ikaja zamu ya Moi Girls, Nairobi, wasichana 10. Septemba 2024 ikawa Hillside Endarasha, Nyeri, watoto 21 wa shule ya msingi, wengine hawajafika hata miaka kumi na moja.

Na si kwamba hatujui la kufanya. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Umeandikwa kwa lugha nyepesi ambayo fundi yeyote ataielewa. Bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Milango iwe na upana wa angalau futi tano, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wamo ndani. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2, na ujia usipungue mita 2. Mwongozo huo una umri mkubwa kuliko mwanangu. Najua pia kwamba tangu serikali ianze kuhimiza kila mtoto anayemaliza msingi aingie sekondari, mabweni yamejaa kuliko yalivyojengwa kubeba, na mwalimu mkuu hana uchawi wa kupanua kuta. Lakini kutoa kufuli nje ya mlango hakuhitaji mgao wa fedha kutoka Nairobi.

Watu wengi hulichukulia suala la simu na vepu kuwa jambo moja, na suala la moto kuwa jambo jingine. Nilidhani hivyo pia, mpaka nilipozungumza na fundi umeme wa mtaani kwetu ambaye ameitwa mara kadhaa kutengeneza nyaya katika shule za bweni. Alinieleza anachokikuta. Simu ni marufuku, kwa hiyo bwenini hakuna mahali pa kuchajia. Lakini simu zimo, na lazima zichajiwe. Basi mtoto wa kitanda cha juu huchomoa nyaya kwenye kishikilia taa, anaunganisha za kwake zilizo wazi, anazipitisha nyuma ya kitanda hadi chini ya godoro, kisha anafunika kwa taulo ili mwanga usionekane. Vepu nayo ina betri ya lithiamu, nayo huchajiwa hapo hapo. Godoro ni la sponji. Sponji ikishika moto haingojei mtu avae viatu, na moshi wake huangusha mtu kabla moto haujamfikia.

Sasa fikiria mtoto wa tatu, asiye na simu wala vepu, ambaye usiku wa manane anaona cheche. Akisema, mwenzake atatumwa nyumbani wiki mbili arudi na mzazi, na yeye ataitwa msaliti mpaka amalize kidato cha nne. Pengine ataulizwa na yeye, kwa nini hakusema mapema. Kwa hiyo ananyamaza, anageukia ukutani. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumejenga shule ambamo kuficha ndiyo njia pekee ya mtoto kuishi kwa amani na wenzake na walimu wake kwa pamoja. Kila tunapoongeza upekuzi bila kuongeza kitu kingine, wanajifunza kuficha vizuri zaidi. Ile kamusi niliyoiona langoni ilichongwa kwa ustadi wa seremala.

Niseme kidogo kuhusu vepu, maana wazazi wengi bado wanaiona kama mchezo. Ndani ya ule mvuke wa embe mna nikotini, na ubongo wa kijana huendelea kukua mpaka anapokaribia miaka 25. Nikotini hushika ubongo mchanga upesi kuliko wa mtu mzima. Haina jivu, haina ile harufu ya sigara iliyowafichua wavulana wa enzi zetu. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza pia kuuza sigara mojamoja. Nenda kwenye kioski chochote karibu na kituo cha matatu uone sigara zinavyouzwa mojamoja. Ikiwa hiyo tu imetushinda, je, vepu inayoagizwa kwa simu na kuletwa na bodaboda? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi 88 hazikuwa zimeweka umri wowote wa chini wa kununua sigara za kielektroniki, na 74 hazikuwa na kanuni zozote juu yake. Hii ni biashara iliyotangulia sheria kila mahali.

Yule kijana wa kalamu ya embe alirudishwa nyumbani palepale, na sanduku lake. Nilimwona akivuka barabara peke yake. Nyumbani wazazi wako kazini mchana kutwa, na muuzaji ni ujumbe mmoja tu. Kama tayari ameshikwa na nikotini, wiki mbili hizo zitamponya vipi? Mtoto aliyezoea nikotini anatetemeka, anakasirika bila sababu, hawezi kutulia darasani, na anahitaji mtu wa kukaa naye wiki hadi wiki. Shuleni yuko mwalimu wa ushauri nasaha, lakini anafundisha vipindi sawa na wenzake na ofisi yake ni stoo ya vitabu. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua jambo moja tu, ningempunguzia vipindi mwalimu huyo na kumpa chumba chenye mlango.

Na yule wa kamusi? Shangazi yake aliniambia tukiwa bado kwenye foleni, kwa sauti ya chini, kwamba mama wa mtoto yuko Saudia, kazi za nyumbani, na hupewa simu yake Ijumaa usiku tu. Ijumaa usiku mtoto yuko bwenini. Nimeifikiria sana kabambe ile tangu siku hiyo. Zipo shule zilizoweka simu za kupigia nyumbani, mwanafunzi ana muda wake na kadi yake, mwalimu wa zamu yuko karibu. Mtoto mwenye njia halali ya kusikia sauti ya mama yake ana sababu moja pungufu ya kuchonga kamusi.

Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikayasema haya. Naibu wa mwalimu mkuu alinijibu kwa heshima, "Mzazi, wakitoroka usiku mmoja akagongwa na gari, nitawajibika mimi." Ni kweli, na sikumdharau. Nilimwomba tu atafute namna ya kuwazuia kutoroka ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuifungua kutoka ndani. Mzazi mmoja, mama mwenye karakana ya kuchomelea vyuma, akainuka akasema atatoa mashine na vijana wake kwa Jumamosi moja, bila malipo.

Wamekata nondo za madirisha manne kati ya kumi na moja. Komeo la mlango wa mbele limehamishiwa ndani. Kitanda kilichoziba mlango wa nyuma kimeondolewa, ingawa mwanangu ananiambia mlango wenyewe umepinda na haufunguki mpaka upigwe teke. Madirisha saba yanasubiri bodi ikae. Mkutano ujao ni mwezi wa pili wa muhula, na nimeshanunua futi kamba kwa ajili ya ile mita 1.2.