Baba ni marehemu, lakini fomu inataka namba yake ya simu

Fomu nyingi za mtandaoni tunazojaza hapa mjini, ziwe za chuo, za kazi au za bima, zina tatizo moja: zinakuuliza swali, unajibu, kisha zinaendelea kana kwamba hukujibu kitu. Umechagua kwamba baba ni marehemu. Hapo chini, kazi ya baba ina nyota nyekundu, namba ya simu ya baba ina nyota nyekundu, na fomu haikubali kutumwa mpaka ujaze vyote. Watengeneza programu wenzangu huliita hili dosari ndogo. Mimi sikubali. Ni kumlazimisha mtu aandike uongo, tena uongo kuhusu mzazi aliyemzika.

Pita steshenari za Mwenge au Ubungo, Dar es Salaam, msimu wa maombi ya vyuo. Binti anasema, "Kaka, baba yangu alishafariki." Kijana aliye kwenye kompyuta hashangai, kwa kuwa ameshaijua fomu. "Pole, mdogo wangu. Nipe namba ya mjomba tuweke hapo, bila hivyo haipiti." Kazi ya baba inaandikwa "mkulima", au "hakuna", au nukta tupu. Fomu inaridhika. Kuanzia hapo kuna marehemu mwenye kazi na simu inayoita.

Ninachokidai ni ulazima wenye sharti: kisanduku kiwe cha lazima pale tu majibu yaliyotangulia yanapoonyesha kwamba kinamhusu anayejaza. Si jambo geni. Dodoso za karatasi zilikuwa nalo zamani: "Kama hapana, nenda swali la 14." Wanaokusanya takwimu vijijini kwa ODK, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, huandika sharti hilo kwenye safu iitwayo relevant (yaani "inahusu"), na swali lisilomhusu mtu haliulizwi hata kama limewekewa alama ya lazima. Kwa nini tovuti ishindwe?

Chukua namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwombaji wa miaka 17 aliyemaliza kidato cha nne hajafikia umri wa miaka 18 wa kupewa kitambulisho hicho, ila fomu inamdai namba, kwa hiyo anaweka ya mama yake. Matokeo yake tarehe ya kuzaliwa aliyoijaza inasema 2008, na namba ya kitambulisho inaanza na 1979. Siku ya uhakiki atakayeulizwa ni yeye. Kumbe ingetosha kutanguliza tarehe ya kuzaliwa, kisha aliye chini ya miaka 18 aulizwe namba ya cheti cha kuzaliwa badala ya NIDA.

Anwani nazo ni hivyohivyo. Ukichagua Kaskazini Pemba, fomu haina sababu ya kukudai mtaa na kata kana kwamba unakaa Temeke. Ikuulize shehia, kama ilivyo Zanzibar.

Sasa niseme na wanaoziandika hizi fomu. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: mtu anaficha visanduku visivyohusika kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, lakini alama ya required ("lazima") anaiacha palepale. Kivinjari hukagua hata kilichofichwa. Kinakuta kisanduku cha lazima kiko wazi, kinakataa kutuma, kinataka kumpeleka mtumiaji penye kosa na kinashindwa kwa sababu hapaonekani. Chrome huandika kosa hilo kwenye konsoli, dirisha la watengeneza programu, ambako mama wa Mbagala mwenye simu mkononi hatafika kamwe. Yeye anaona kitufe kisichofanya kazi. Anabonyeza tena, anahisi mtandao unasumbua, ananunua bando lingine.

Dawa yake ni nyepesi. Visanduku vya kundi moja vikae ndani ya fieldset moja, tagi ya HTML inayoviweka pamoja, na visipohusika, uifiche fieldset hiyo na uiwekee disabled ("imezimwa"). Kilichozimwa hakikaguliwi wala hakitumwi. Hapo unaokoa na jingine: aliyechagua "Nimeajiriwa", akaandika jina la mwajiri, halafu akasahihisha kuwa amejiajiri, jina lile halitaingia kwenye hifadhidata yako. Ila usilifute papo hapo kwenye ukurasa. Huenda amegusa kimakosa, na akirudisha jibu lake alikute alichoandika. Swali jipya likijitokeza, litokee mara baada ya lile lililolizaa, ili hata asiyeona, anayetumia kisoma skrini, alifikie kwa mpangilio.

Sharti hilohilo liandikwe na kwenye seva, kompyuta inayoipokea fomu, maana data inaweza kutumwa bila kupitia ukurasa wako kabisa. Kwenye Laravel, mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP, kuna required_if na exclude_if kwa kazi hiyohiyo. Nimeona mifumo ambayo ukurasa unaruhusu na seva inakataa: mtu anarudishiwa ujumbe "Namba ya simu ya baba inahitajika" kwa kisanduku ambacho hakuwahi kukiona.

Hoja ya wakubwa kwenye vikao naijua: wanataka data kamili, kwa hiyo kila kitu kiwe cha lazima. Nawaheshimu, lakini hapa wamekosea. 0000000000 si namba ya mtu. Ripoti itaonyesha visanduku vyote vimejaa, na siku ya kumtafuta mzazi hakuna atakayepokea. Wala sitaki kila kitu kiwe hiari. Aliyesema baba yuko hai na anawasiliana naye, mdai namba. Lakini yupo pia aliyelelewa na bibi yake, baba hamjui kabisa. Huyo hana jibu kwenye "yuko hai" wala kwenye "marehemu". Mwekee "Simfahamu", halafu muulize mlezi wake ni nani na anapatikanaje.

Kabla fomu haijaenda hewani, ijazwe kwa zamu: kama yatima, kama mwenye miaka 17, kama mkazi wa Wete, kama aliyelelewa na bibi, na kama mtu anayebadili jibu katikati. Ijazwe kwenye simu ya bei nafuu, na ajaze mtu ambaye hakuiandika.