Kampuni za malipo na uharamia wa sanaa

Kondele, Kisumu, kuna vibanda ambako kijana anakujazia flashi filamu na nyimbo za ohangla, kisha anakuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: nambari ya Lipa na M-Pesa. Mwanamuziki aliyelipia studio kutoka mfukoni mwake haoni hata shilingi. Je, anayepitisha pesa hizo naye awajibike?

Marekani swali hili lilifika mahakamani. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kampuni ya kadi za malipo ya Visa haikuwajibika katika kesi iliyofunguliwa na Perfect 10, mchapishaji ambaye picha zake ziliibwa na kuuzwa na tovuti zilizolipwa kwa kadi hizo. Majaji wawili walisema picha zinanakiliwa na kusambazwa hata malipo yasipokuwepo. Jaji Alex Kozinski alipinga: bila malipo hakuna mauzo. Mimi naona Kozinski aligusa ukweli, hasa kwa wanaouza chaneli za wizi kwa malipo ya kila mwezi. Hao ni wafanyabiashara. Ukizima malipo, biashara inayumba. Tena kampuni ikishaarifiwa kwa ushahidi na bado ikaendelea kuwahudumia, haiwezi kujitetea kwamba haikujua.

Lakini nguvu ya kufunga malipo inatisha. Desemba 2010, Visa, Mastercard na PayPal zilikata michango ya WikiLeaks, tovuti iliyofichua nyaraka za siri, bila amri yoyote ya mahakama. Hapa kwetu athari ingekuwa nzito zaidi, kwa sababu kijana yule wa Kondele kwa nambari ileile anauza chaja, anapiga chapa na kuwajazia watu fomu za kodi za KRA. Ukiifunga, umefunga kibanda kizima. Naye akitaka kuendelea na filamu, atapokea pesa taslimu.

Ndiyo maana sitaki kampuni za malipo zigeuzwe polisi wa hakimiliki. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya yaliweka utaratibu wa watoa huduma za intaneti kuondoa kazi zilizoibwa baada ya kupokea notisi. Kampuni za malipo nazo ziwekewe wa kwao, ukianzia kwa wauzaji wakubwa: mlalamishi athibitishe kwamba kazi ni yake, muuzaji apewe muda wa kujibu, na wakizidi kubishana mahakama iamue kabla nambari haijafungwa. Muda huo wa kujibu usiguswe hata kidogo. Ukiondolewa, mshindani atapeleka malalamiko ya uongo, na atakayefungiwa ni mwanamuziki anayeuza nyimbo zake mwenyewe.