Bosi, Radi na Elfu Thelathini

Ukitaka kujua roho yako inauzwaje, mbebee tajiri mkoba wa gofu Tanga wakati wa masika. Kanuni zinamruhusu kuwa na fimbo 14. Yeye hashiki hata moja mpaka afike kwenye mpira. Zote ziko mgongoni kwangu, vyuma vinachungulia mbinguni.

Jumamosi ile wingu likapanda kutoka upande wa Muheza, jeusi ti. Umeme ukamulika. Nikahesabu polepole, ya tisa, ngurumo. Sauti hutumia kama sekunde 3 kwa kilomita, basi ilikuwa kilomita 3, tena inakuja.

"Bosi, twende zetu."

"Wapi? Mpira uko nusu hatua na shimo, namfunga huyu!" Huyo mpinzani wake keshatimka zamani. "Bingwa wa gofu Lee Trevino alipigwa na radi kule Chicago 1975, akapona!"

"Alipona, bosi, lakini mgongo ukapasuliwa."

Ya pili ikalipuka kabla sijafika tatu. Nikatupa mkoba. Bosi na kitambi chake akanipita, nikadhani bodaboda. Anakimbilia wapi? Chini ya mwembe! Nikamdaka shati: mti ukipigwa, umeme unamrukia aliyejibanza chini. Garini, bosi, bodi ya chuma inaupitisha kwa nje mpaka ardhini.

Tukafika garini. Akajipapasa mfuko huu, akajipapasa ule. Funguo ziko kwenye mkoba, na mkoba uko katikati ya uwanja.

"Kalete, nakupa elfu kumi."

Ngurumo.

"Ishirini!"

Ngurumo, na alamu ya gari ikaanza kulia yenyewe.

"Thelathini, Mungu anasikia!"

"Anasikia, bosi, na anajua nina watoto."

Mlinzi akatuita, akatufungulia ofisi. Mpinzani yumo ndani, kashiba chai ya tangawizi. Bosi alitaka kutoka mvua ilipokatika, nikaziba mlango. Ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, si baada ya mvua.

Tuliporudi uwanjani, mkoba upo, funguo zipo, mpira hakuna. Juu ya mwembe kunguru kaushika mdomoni, anatutazama. Kunguru wa Tanga hawana simile.

Kanuni inasema mnyama akichukua mpira uliotulia, unaweka mwingine palepale, bila adhabu. Palepale wapi? Bosi anasema nusu hatua. Mpinzani anaapa hatua tano. Wakanigeukia mimi, shahidi.

Nikamuuliza bosi, ile elfu thelathini bado ipo?