Koti Halizuii Radi

Kila majira ya kuchipua yanapoanza, msemo ule ule hurudi: "Hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu." Hubandikwa juu ya picha za waendesha baiskeli waliolowa chapachapa, matope hadi kwenye nyusi, na wengine hupita wakipongeza. Nimeuchoka. Anayeusikiliza zaidi ni yule aliyeanza kuendesha juzi, anayeogopa kuitwa mlegevu, na ambaye bado hajajua kutofautisha mvua ya kero na mvua ya kuua.

Tena msemo huu umechagua majira mabaya kuliko yote ya kujipendekeza. Kwenye baridi kali ya katikati ya mwaka unajua unachokwenda kukutana nacho. Majira ya kuchipua hayana msimamo. Jua limeshapata nguvu ya kupasha ardhi, lakini hewa ya juu bado ni ya baridi. Hewa yenye unyevu ikipashwa chini hupanda kwa kasi, na huko juu ndiko zinakozaliwa radi, mvua ya mawe na pepo za ghafla. Unatoka saa mbili asubuhi kukiwa na nyuzi joto 6, saa sita umevua kila unachoweza kuvua, saa tisa wingu jeusi limesimama mbele yako na joto limeporomoka kabla hujafungua mfuko. Dalili ya mvua ni mawingu, kweli, lakini wingu la aina hii linaweza kukua kutoka kinundu cheupe hadi dhoruba ndani ya saa moja. Ndiyo maana safari ndefu ya majira haya ianze mapema na iishe kabla ya mchana kupamba moto.

Tuanze na radi, kwa sababu ndiyo inayouvunja msemo ule mara moja. Hakuna nguo ya radi. Haipo. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ukipata chini ya 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10, na mahali pako ni ndani ya jengo. Baada ya hapo ukae dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sikusema tangu mvua ikatike. Watu wengi hurudi barabarani mara tu matone yanapoisha, wakati radi inaweza kupiga mbali kabisa na mahali mvua inaponyesha.

Bado nasikia watu wazima wakisema tairi za mpira zinakinga. Radi imeshakata kilomita kadhaa za hewa kuja chini. Sentimita chache za mpira haziizuii. Gari huwakinga waliomo kwa sababu ya bodi lake la chuma linalopitisha umeme kwa nje hadi ardhini, na baiskeli haina bodi. Kibanda cha kusubiria basi kisicho na kuta hakikufai, na mti uliosimama peke yake ni mbaya zaidi. Kama hakuna jengo wala gari, teremka kutoka kwenye mwinuko, laza baiskeli na uiache, kaa mbali na uzio wa chuma na nguzo, na kama mko kundi mtawanyike angalau mita 15 kati ya mtu na mtu. Kutawanyika si woga: akipigwa mmoja, lazima abaki wa kumhudumia. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwa hiyo mshike. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua hapo hapo na mwingine apige simu.

Sasa upepo, ambao watu huuchukulia kama jambo la kuvumilia tu. Fanya hesabu. Ukiendesha kilomita 20 kwa saa kwenye hewa tulivu, mwili wako unakutana na hewa ya kasi ya 20. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukikujia usoni na wewe ukang'ang'ania kasi ile ile, hewa inakupiga kwa 50. Hiyo ni mara mbili na nusu, na ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo unasukumana na nguvu ya mara sita na robo. Hakuna miguu ya kulipa deni hilo kwa saa mbili. Kasi itashuka, safari ya saa mbili itakuwa ya saa tatu na zaidi, na ni katika hiyo saa ya ziada ambapo maji ya kunywa huisha, jasho hugeuka baridi na mwanga hufifia. Kwa hiyo nenda ukiukabili upepo na urudi ukiwa nao mgongoni. Anayeanza na upepo mgongoni hujiona ana miguu ya ajabu siku hiyo, hajui ni upepo unaomkopesha, na deni analipa akiwa mbali na nyumbani.

Upepo wa usoni unachosha tu. Wa pembeni unaangusha. Na haukuangushi pale unapovuma mfululizo, kwa kuwa mwili hujifunza kuuegemea. Unakuangusha unapokatika na kurudi. Ukuta unapoisha, miti inapoachana, unapoingia darajani, lori linapokupita. Lori hukukinga upepo kwa sekunde moja, na wewe uliyekuwa umeegemea upande wake unajikuta unalivutikia. Likishapita, upepo unarudi na kukusukuma kwenye ukingo. Rimu zenye kina kirefu, za milimita 50 na kuendelea kutoka tairi kuelekea katikati ya gurudumu, huzidisha tatizo hili, hasa kwenye gurudumu la mbele, kwa sababu hilo ndilo linalogeuka na usukani. Siku ya upepo weka rimu ya kina kifupi mbele hata kama nyuma unabaki na ya kina kirefu. Shika usukani chini, legeza viwiko, gusisha goti moja kwenye fremu baiskeli ikianza kutikisika, punguza mwendo, na uache kama mita moja kati yako na ukingo wa barabara ili uwe na pa kusukumwa. Unaposoma utabiri, achana na wastani wa upepo. Tazama kasi ya juu ya pepo za ghafla. Kipimo changu ni hiki: zikifika kilomita 50 kwa saa nabadilisha njia nipite penye miti na majengo, zikizidi 60 sitoki kwenye barabara yenye malori. Mwenye mwili mwepesi ashushe namba hizo.

Atakayesema hayo ni ya wanaoanza, akumbuke Gent–Wevelgem, mbio za baiskeli za Ubelgiji, ya mwaka 2015. Waendeshaji wa kulipwa, watu wanaojua kushika baiskeli kuliko sisi sote, walipeperushwa hadi kando ya barabara, na waliomaliza walikuwa 39 tu. Hakuna aliyekuwa na nguo mbaya.

Na kuna mfano ambao hupenda kutajwa kama ushahidi wa ushujaa: Mfaransa Bernard Hinault akishinda mbio za Ubelgiji za Liège–Bastogne–Liège za 1980 kwenye theluji, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika 9, huku waliofika mwisho wakiwa 21. Wanaousimulia huishia hapo. Hawasemi kwamba vidole vyake viliumia na baridi siku ile na havikupona sawasawa. Mwaka 2013 mbio za Italia za Milan–San Remo zilisimamishwa katikati kwa theluji na waendeshaji wakapandishwa mabasi kuvuka sehemu mbaya. Leo mbio za kulipwa zina utaratibu rasmi wa hali mbaya ya hewa, unaotaja mvua inayoganda, theluji, upepo mkali, joto na baridi ya kupindukia, na kutoonekana vizuri kwa njia. Yaani watu wenye gari la timu nyuma yao, lililojaa nguo kavu na chai ya moto, wamekubaliana kwamba hali mbaya ya hewa ipo. Wewe una mfuko mmoja mgongoni.

Hapo nakubali, shingo upande, kwamba nguo zina kazi yake. Mvua ya nyuzi joto 5 yenye upepo ni mbaya kuliko baridi kavu ya sifuri, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili haraka sana kuliko hewa kavu. Vaa fulana nyepesi ya sufu ndani, mikono ya kitambaa ya kuvaa na kuvua, kizibao kinachozuia upepo kifuani, na koti la mvua likunjwe mfukoni. Fungua zipu la koti unapopanda mlima, ulifunge kabla ya kuteremka, si katikati ya mteremko wakati umeshaganda. Glavu za neoprini, ule mpira laini wa nguo za kuzamia, hulowa lakini huendelea kutunza joto. Beba jozi ya pili ya glavu ndani ya mfuko wa plastiki. Hiyo ina thamani kuliko koti la gharama.

Mikono ndiyo kipimo cha mwisho. Kila baada ya dakika 15 kwenye mvua ya baridi, gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Kama havigusani, huna breki, hata kama breki zenyewe ni mpya. Simama, ingia penye joto, piga simu ufuatwe. Na mwenzako aliyekuwa anatetemeka akiacha kutetemeka bila kupata joto, akaanza kuongea kwa kukokota maneno, usimwambie ajikaze. Mwili wake umeanza kushindwa.

Mvua ya mawe: simama, helmeti ibaki kichwani, na usianze safari mpaka punje zilizolala barabarani ziyeyuke. Maji yanayokatiza barabara kwa kasi: geuka. Sentimita 15 za maji yenye nguvu zinatosha kumwangusha mtu anayetembea kwa miguu.

Jambo jingine ambalo msemo ule haugusi kabisa ni baiskeli yenyewe, ambayo haivai koti. Mvua ikianza baada ya siku kavu, dakika za kwanza ndizo zenye utelezi mkubwa, kwa kuwa mafuta na vumbi vilivyokuwa vimelala barabarani vinaelea. Mistari ya rangi, mifuniko ya chuma na reli uvipite baiskeli ikiwa wima, bila breki, na reli uikate karibu na pembe mraba. Punguza upepo wa tairi kiasi, kama psi 5 hadi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo la tairi). Usihangaike kutafuta tairi yenye mifereji kwa ajili ya lami iliyolowa. Tairi ya baiskeli ni nyembamba na ina shinikizo kubwa kiasi kwamba haiwezi kuelea juu ya maji kwa mwendo wako. Kinachoshika ni aina ya mpira na shinikizo. Pancha zitaongezeka, kwa sababu maji hulainisha njia ya kigae kupenya mpira, na kiraka hakishiki kwenye tyubu iliyolowa. Beba tyubu mbili.

Kwenye breki za rimu, mizunguko ya kwanza ya gurudumu huishia kufuta maji tu. Gusa breki kidogo mapema, rimu ikauke, ndipo ubane. Breki za diski hazina tatizo hilo sana, ila pedi laini za resini huweza kuliwa kwa kasi ya kutisha kwenye mvua yenye mchanga. Za chuma hudumu zaidi, na kelele zake uzivumilie. Weka madigadi ndefu, pana kuliko tairi kwa milimita 8 hadi 10, na ulimi wa mpira wa mbele ushuke karibu na ardhi. Maji mengi yanayolowesha miguu na mnyororo hutoka kwenye gurudumu la mbele, wala hayatoki juu.

Ukifika nyumbani, jikaushe wewe kwanza, kisha baiskeli siku hiyo hiyo. Suuza kwa maji ya mwendo mdogo; mashine ya maji ya shinikizo kubwa husukuma mchanga ndani ya beringi za habu (kitovu cha gurudumu), za pedali na za usukani. Chomoa bomba la kiti, pindua baiskeli, maji yaliyoingia kwenye fremu yatoke. Chokoa raba za breki kwa pini, utoe punje za mchanga na vipande vya alumini vilivyonasa, kwa maana hivyo ndivyo vinavyochimba rimu. Kausha mnyororo kwa kitambaa, tia tone moja la oili kwenye kila kiungo, acha usiku kucha, asubuhi futa yote iliyobaki nje. Kisha upime kwa rula: viungo 24 mfululizo, kutoka pini hadi pini, mnyororo mpya husoma milimita 304.8. Ukisoma 306.3 kwenye gia 11 au 12 za nyuma, badilisha mnyororo sasa, kabla haujayala na meno ya gia.