Kalpana Chawla: jumba bovu lilimwangukia?

Wengi wanamkumbuka mwanaanga Kalpana Chawla kwa Februari 1, 2003, chombo cha anga cha Columbia kiliposambaratika juu ya Texas, dakika 16 hivi kabla ya kutua, na wanaanga wote saba wakafa. Wapo pia wanaokumbuka doa. Huyu, wanasema, ndiye aliyeiharibu setilaiti ya Spartan mwaka 1997, na bado akapewa safari ya pili.

Doa lenyewe lilikuwa hivi. Novemba 1997, katika safari yake ya kwanza, Chawla ndiye aliyeshika usukani wa mkono wa roboti. Spartan, yenye uzito wa zaidi ya kilo 1,300, ilitakiwa iachiwe ikalichunguze jua, kisha irudishwe. Ilipoachiwa haikujizungusha, ishara kwamba mifumo yake haikuwa imewaka. Kuna amri ya kompyuta iliyokuwa haijatumwa. Chawla akajaribu kuidaka tena, lakini hakupata uthibitisho kwamba mkono umeishika barabara. Alipourudisha nyuma, setilaiti ikaanza kuzunguka kwa digrii kama mbili kila sekunde.

Digrii mbili! Piga hesabu: dakika tatu nzima kumaliza mzunguko mmoja. Feni ya dari iliyokatiwa umeme huenda kasi kuliko hapo. Hata hivyo mwendo huo wa kinyonga ulitosha. Kamanda Kevin Kregel alijaribu kukizungusha chombo kizima kiende sambamba nayo, akaambiwa aache. Siku chache baadaye Winston Scott na Takao Doi walitoka nje wakaikamata kwa mikono yao, kazi iliyowaweka huko zaidi ya saa saba.

Wanaomlaumu hawasemi ovyo. Kazi ya anga ni kufuata orodha hatua kwa hatua, na ukiruka moja umeruka. Wanasayansi wa jua walikosa vipimo vyao hadi Spartan iliporushwa tena Oktoba 1998.

Ila uchunguzi wa NASA, shirika la anga la Marekani, haukuishia kwenye vidole vya mtu mmoja. Ulikuta kasoro katika programu ya kompyuta na katika taratibu zilizowaongoza wanaanga pamoja na wenzao wa chini. Hapo ndipo ninapowashangaa wanaoshikilia lawama. Mashine ya kufulia hugoma mlango ukiwa wazi. Iweje setilaiti iachiwe angani kabla haijawa tayari na kusiwe na kengele ya kumzuia mtu? Chumba kizima cha waongozaji kilikuwa kikifuatilia kazi ile, lakini jina lililobaki midomoni ni la mwanamke kutoka Karnal, Haryana, aliyekuwa na shahada ya uzamivu ya uhandisi wa anga tangu 1988. Ajali ina wenyewe wengi, lawama ikapata mmoja.

Wapo wanaodai kurudishwa kwake kulikuwa kwa ajili ya picha, kwa kuwa ndiye mwanamke wa kwanza mzaliwa wa India kufika angani. Basi watazame kiti alichopewa. Katika safari ya 2003 alikuwa mhandisi wa safari, anayekaa nyuma ya kamanda na rubani na kuwasaidia kufuata orodha ya hatua wakati wa kupaa na kushuka. Kiti hicho hapewi mtu anayeaminika kuwa mrukaji wa hatua.

Sekunde 82 hivi baada ya Columbia kuruka, kipande cha povu kisichofika kilo moja kilichomoka kwenye tangi la mafuta kikapiga bawa la kushoto, na jeraha hilo ndilo lililokuja kukiangamiza chombo. Oktoba 2002 povu lilikuwa limechomoka katika safari ya Atlantis, chombo kingine cha NASA, na safari zikaendelea. Safari hii ya Columbia wahandisi waliomba bawa lipigwe picha angani. Maombi yao hayakufika popote. Bodi ya uchunguzi iliandika kwamba utamaduni wa NASA ulichangia ajali sawa na lile povu. Kwa wanaanga saba waliokuwa ndani, haikuona kosa lolote lililoileta.