Wamekuja Bila Maji!

Haya, limetokea tena. Nyumba imeshika moto, gari la zimamoto limefika, baada ya dakika chache maji yamekatika, na umati mzima kwa sauti moja, tena kwa furaha kidogo: "Wamekuja bila maji!" Kauli hii imenichosha. Imenichosha kuliko king'ora chenyewe. Na ole wako uipinge, utaambiwa umetumwa.

Hebu tupige hesabu kwa utulivu, kama watu wazima. Gari la zimamoto la kawaida la mjini, lile linalotangulia kufika kwenye tukio, hubeba kama lita 1,800. Yapo ya lita 4,000 na 5,000, na yapo malori ya kusambazia maji yenye lita 10,000 na zaidi. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 5,000 ni tani tano zinazotaka kuhama kila dereva anapokata kona. Ndiyo maana ndani ya tangi huwekwa kuta zenye matundu za kuyagawa maji, yasije yakakimbilia upande mmoja yakalilaza gari ubavu. Na gari zito huwa refu na pana, halipenyi kwenye mtaa ambao kila mtu ameegesha pande zote mbili kisha akaingia ndani kulala. Ukitaka maji mengi, gari linakwama njiani. Ukitaka gari lifike, kubali maji machache. Umati unataka vyote viwili, na unavitaka sasa hivi.

Tuje kwenye matumizi. Mpira wenye kipenyo cha milimita 45, nozeli yake, yaani ule mdomo wa kutolea maji, ikiwa imefunguliwa ipasavyo, hutoa kama lita 450 kwa dakika. Gawanya mwenyewe zile lita 1,800: dakika nne. Na hapo hujahesabu maji yanayojaza mpira. Kipande kimoja cha mita 25 hula lita 40 hivi kabla ya tone la kwanza kutoka. Ukiunga vitatu ili ufike uani, lita 120 zimekwenda na hakuna hata kaa moja lililolowa. Upo pia ule mpira mwembamba uliozungushiwa kwenye gurudumu pembeni mwa gari. Huo hutumia kama lita 100 kwa dakika, na tangi lingesukuma dakika 18. Lakini ni wa gari linaloungua, jalala, au chumba kimoja kilichowahiwa. Paa likishashika, kulimwagia kwa mpira huo ni kama kulitemea mate.

Kwa hiyo zile dakika nne kazi yake ni moja: wakati wawili wanapambana na moto, mwingine atafute maji mengine. Na maji mengine yapo. Yako chini ya barabara, kwenye bomba la zimamoto, chini ya mfuniko wa chuma, na mara nyingi pana kibao ukutani kinachoonyesha lilipo.

Juu ya mfuniko pana gari la Bwana Mkubwa.

Tumwangalie askari wa watu. Ana chuma kirefu chenye umbo la T cha kufungulia valvu, ana bomba la wima begani, lile la kuunga mpira na maji ya chini ya barabara, ana kofia inayomteremkia machoni. Nyuma yake mpira umeshajaa na nozeli imefunguliwa. Tangini zimebaki lita 1,680. Anauliza, "Gari hili la nani?" Umati unaulizana. Mmoja anasema la mwalimu, mwingine anasema mwalimu alishahama, wa tatu anasema lile la mwalimu lilikuwa jeupe. Sekunde 40. Lita 1,380.

Bwana Mkubwa anatokeza mlangoni. Hakimbii, maana mtu mwenye heshima zake hakimbii.

"Kaka, tusaidie, sogeza gari!"

"Kijana, kwanza salamu."

Askari anasalimia. Anajibiwa. Anaulizwa za kazi. Anasema nzuri, huku nyuma yake dirisha la watu linapasuka kwa joto. Salamu zimegharimu sekunde 10. Lita 1,305.

"Sasa gari langu limefanya nini? Mbona yale mengine hamyagusi?"

"Limekaa juu ya bomba la maji, mzee."

"Mimi hapa naegesha miaka yote, sijawahi kuona maji."

Ni kweli hajayaona, kwa sababu siku zote ameyaegeshea gari. Lakini hiyo si hoja ya kumjibu nayo mtu ambaye ufunguo uko kwake. Lita 1,080.

Anarudi ndani kutafuta ufunguo. Haumo kwenye suruali hii. Anamuuliza mkewe, mkewe anamuuliza mtoto, mtoto anauliza ufunguo upi. Dakika nzima, lita 450. Tangini zimebaki 630, na mwendesha pampu ameshaanza kuikodolea macho geji ya maji, maana tangi likikauka ghafla, wale wawili walio na mpira ndani ya moshi watabaki wameshika kamba tupu mbele ya moto. Ndiyo maana wakati mwingine huonekana wakirudi nyuma "bila sababu". Sababu ni kwamba wameitwa watoke kabla maji hayajawasaliti.

Ufunguo umepatikana. Sasa gari linasogezwa, na kila mwanamume aliyepo pale, pamoja na asiyewahi kushika usukani, amegeuka mwelekezaji. "Njoo, njoo, njoo, kata kulia! Kulia kwako! Hapana, kwangu! Simama!" Bwana Mkubwa anashuka kukagua kama bampa limeguswa. Sekunde 50. Lita 255. Gari limesogea nusu mita, na gurudumu la nyuma sasa limekaa juu ya mfuniko sawasawa, kama lililopimiwa. Linasogezwa tena. Lita 105. Askari anapiga magoti, anachokoa mfuniko, na mfuniko hautoki kwa sababu waliotengeneza barabara mara ya mwisho waliupitishia lami. Sifuri.

Mpira unalegea. Kimya. Na katikati ya kimya hicho Bwana Mkubwa, yuleyule, anatoa simu mfukoni, anajisafisha koo, anaanza kurekodi: "Ndugu zangu, jioneeni wenyewe. Wamekuja bila maji."

Sasa wewe niambie mtu asipige kelele!

Na mfuniko ukishatoka, kazi bado. Shimo limejaa mchanga na chupa, linachotwa kwa mkono. Bomba la wima linafungwa, kisha valvu inafunguliwa kwanza bila mpira, maji yamwagike barabarani hadi uchafu utoke, kwa sababu kokoto moja ikiingia kwenye pampu inaweza kujeruhi mapanga yake. Hapo umati hupandwa na wazimu: "Wanamwaga maji chini na nyumba inaungua!" Halafu valvu hufunguliwa taratibu. Haufungwi wala haufunguliwi mlango wa maji mengi kwa pupa, maana maji yanayokimbia yakizuiwa ghafla hupiga bomba kama nyundo, na bomba kuukuu hupasuka. Ukiona askari anazungusha chuma chake polepole, usidhani hana uchungu. Anajitahidi asikose vyote.

Kuna na mjuzi mwingine, huyu yeye husema, "Si mto ule pale bondeni, wavute maji!" Pampu haivuti maji, bwana. Pampu huondoa hewa iliyo ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya dunia ndio unaoyasukuma maji yapande. Kinadharia ni mita 10 na kidogo, kwa vitendo kama mita 7 hivi, na hapo iwe mipira ya kuvutia ni ile migumu isiyosinyaa, maungio yamekazwa, na chujio limezama lote. Ungio moja likinyonya hewa, pampu inabaki kunguruma tu. Mto wako uko mita 15 chini. Hata walete pampu ya dhahabu.

Wa kupitisha pikipiki juu ya mpira uliojaa sina la kumwambia.

Na hao wa gari la wagonjwa wana umati wao. Gari limefika, mgonjwa amepakiwa, mlango umefungwa, na gari haliondoki. Dakika tano. Dakika kumi. Watu wanagonga bodi kwa viganja: "Ondokeni, mnasubiri nini, afe?" Ndani kuna mtu anakandamiza kifua cha mgonjwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na wenzake wanabadilishana naye kila baada ya dakika mbili kwa sababu mikono huchoka kabla mtu mwenyewe hajakiri. Kazi hiyo haifanyiki vizuri kwenye gari linaloruka matuta. Moyo ulioanza kudunda pale pale una nafuu kuliko uliosafirishwa kwa kasi ukiwa umesimama. Lakini mgonga bodi yeye anajua kwamba gari ni la kukimbia, basi.

Likishaondoka, anatokea wa kulifuata. Unamjua. Foleni imejigawa, njia imefunguka katikati, na yeye ameona fursa: amejibandika nyuma ya king'ora, taa za hatari zimewashwa, uso umekunjwa kwa huzuni ya kuazima. Mgonjwa si wake. Nyuma yake wamejipanga wengine watatu, wote wafiwa watarajiwa. Gari la mbele likishika breki, anaingia mlango wa nyuma na machela yake. Mwingine yuko mbele, amefunga vioo na muziki juu, anasikia king'ora sentimita chache kutoka kwenye bampa, anashtuka, anasimama hapo hapo katikati ya njia. Si hivyo. Unawasha indiketa, unasogea pembeni taratibu, unasimama, unaangalia kioo kama kuna la pili linalofuata, ndipo unarudi. Na yale maandishi yaliyogeuzwa kwenye pua ya gari si kosa la mchoraji. Yamegeuzwa ili uyasome sawasawa kwenye kioo chako cha ndani, hicho unachokitumia kujitazama meno.

Polisi nao husemwa: "Gari limesimama, injini inaunguruma, wanachoma mafuta ya wananchi." Redio ya mawasiliano, taa za juu na vifaa vingine vyote hula betri. Zima injini, acha taa ziwake kuzuia watu kwenye ajali kwa saa mbili, kisha uje usukume.

Kupiga simu sitaki hata kuanza. "Njooni haraka, moto!" Wapi? "Hapa!" Hapa wapi? "Hapa kwetu!" Kisha anakata, anaanza kuhesabu dakika za kuchelewa kwao. Mpokea simu akimuuliza nyumba ina ghorofa ngapi, kuna mitungi ya gesi, kuna mtu ndani, anafoka kwamba anapotezewa muda, ilhali katika vituo vingi mwenzake wa pili ameshalituma gari huku maswali yakiendelea.

Na ofisini kwa Bwana Mkubwa yuleyule kuna kizima moto cha unga, kinatumika kuzuia mlango usijifunge. Mshale wa geji ulishatoka kwenye kijani. Kingekuwa kizima angepata labda sekunde 10 hadi 20 za unga, ambazo angezimalizia kwenye ndimi za juu badala ya kwenye shina la moto. Nyumbani dari lina king'amuzi cha moshi. Kilikuwa kinalia "pii" kila dakika usiku kudai betri mpya, akapanda kiti, akakichomoa betri, akalala vizuri. Betri ile ya volti 9, haiingii hata kwenye rimoti. Imo tu kwenye droo, pamoja na risiti na ufunguo wa akiba wa gari, ule ambao ungeokoa ile dakika nzima ya kutafuta.