Pesa tulizotuma nyumbani na hesabu za Medicaid

Watanzania na Wakenya wa Marekani tukizungumzia uzee, maneno huishia kwenye "nitarudi nyumbani". Sawa, lakini wapo ambao hawatarudi: wajukuu wako huku, daktari wa figo yuko huku, kiharusi kimewakutia huku. Na wengi wetu tunabeba boksi kwenye makao ya wazee, tunawageuza na kuwaogesha wazee wa watu, bila kujua bili ya kile kitanda analipa nani.

Si Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Hiyo hulipa siku 20 kamili baada ya mgonjwa kulazwa hospitali walau siku tatu, kisha unachangia hadi siku ya 100, basi. Baada ya hapo ni mfuko wako, na mwaka mmoja kwa kawaida hupita dola 100,000. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya wakazi wa makao hayo wanalipiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa kulipia matibabu ulioanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini.

Ili uingie Medicaid, lazima kwanza uishiwe. Majimbo mengi humtaka asiye na mwenzi abaki na mali isiyozidi dola 2,000, ukiacha gari moja na, kwa masharti, nyumba anayoishi. Mwenzi anayebaki nyumbani huachiwa sehemu ya akiba. Mwaka 2025 kikomo cha juu kilikuwa dola 157,920. Pensheni yako karibu yote huenda kwa makao, nawe unaachiwa pesa ya mfukoni ambayo sheria ya nchi inasema isipungue dola 30 kwa mwezi. Dola 30! Ukinyoa nywele na kununua vocha, zimekwisha.

Hayo yote yanavumilika. Kinachonikera ni ile miaka mitano. Tangu sheria iliyosainiwa mwaka 2006, ofisa wa Medicaid hukagua miezi 60 ya taarifa zako za benki akitafuta ulichogawa. Fikiria taarifa za mama yeyote wa kwetu: dola 300 ada ya mtoto wa dada, 150 rambirambi, 2,000 mabati ya nyumba ya kijijini. Kila mstari unahesabiwa kuwa zawadi. Jumla inagawanywa kwa wastani wa gharama ya mwezi jimboni. Tuseme ulituma 40,000 na mwezi ni 10,000, basi miezi minne Medicaid hailipi. Na miezi hiyo huanza kuhesabiwa ukiwa tayari unahitaji kitanda na akiba imekwisha.

Nimesikia watu wakijitetea kwamba mwaka 2025 serikali iliruhusu kumpa mtu hadi dola 19,000. Hiyo ni sheria ya kodi. Medicaid haina habari nayo.

Naelewa kwa nini sharti hili lipo: kuna waliokuwa wakiandikisha mali kwa watoto, kisha wanaomba kulipiwa. Ila mwenye wakili anagawa mapema, miaka mitano inapita, yuko salama. Anayenaswa ni aliyetoa bila kupiga hesabu. Mtu aliyelipa ada kila muhula tangu akiwa mzima ameficha nini?

Sheria yenyewe imeacha mlango: ukithibitisha kwamba pesa ilitoka kwa sababu nyingine tu, si kwa kutafuta Medicaid, adhabu inaondolewa. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kwa hiyo tunza risiti za kutuma pesa, barua ya ada kutoka shuleni, hata ujumbe wa kamati ya msiba kwenye WhatsApp ambao kwa kawaida tunaufuta wiki ya pili. Na kiwanja cha Kigamboni au Kitengela kitaje. Fomu inauliza mali yako yote, nawe unaweka sahihi.

Waliowaleta wazazi kwa ukaazi wa kudumu wajue pia kwamba sheria ya mwaka 1996 kwa kawaida huwataka wazazi hao wangoje miaka mitano kabla ya kustahili Medicaid.

Kuna moja linalotufaa sana sisi tunaoishi na wazazi. Jimbo hudai gharama zake kwenye mirathi ya mzee aliyelipiwa akiwa na miaka 55 au zaidi, na mara nyingi kinachobaki ni nyumba. Lakini mtoto aliyeishi humo na mzazi walau miaka miwili kabla hajaingia makaoni, akamtunza kiasi cha kuchelewesha siku hiyo, anaweza kuandikishwa nyumba bila adhabu. Ataulizwa ushahidi, kwa hiyo mwombe daktari aandike sasa mzazi ana hali gani na nani anamhudumia.